Kidole Changu Kwenye Bangili

Jumapili iliyopita wasichana watatu wa kwaya walinikamata nje ya kanisa, hata kitenge sijakifunga vizuri, wakaniuliza kama ni kweli kuna chuo kinachomlipa mtu kulala kitandani. Mmoja akasema, "Maman Riziki, hiyo kazi Mungu aliiumba juu yangu mimi." Tukacheka. Ni kweli, kazi ipo. Unalala, unajifanya mgonjwa, wanafunzi wa unesi wanajifunza kwako, halafu unaamka unaenda nyumbani kupika. Mimi niliifanya hapa Johannesburg kuanzia 2015 mpaka 2019.

Yule mdogo wao akauliza, "Sasa maman, uliacha juu ya nini?" Nikajibu vile ninavyojibu siku zote: mgongo.

Mgongo wangu ni mzima. Juzi nimebeba mfuko wa unga kutoka spaza, duka la mtaani, mpaka gorofa ya tatu bila kupumzika njiani. Watu wanaamini nimestaafu mapema kwa sababu ya mgongo, wananionea huruma, kuna mama mmoja hata alinipa dawa ya kuchua. Niliipokea, na nikasema aksanti. Leo nataka niwaambie kilichonitoa pale, ninyi mnaoitaka ile kazi, na zaidi ninyi mnaosomea unesi. Nimesali sana kabla ya kuandika. Nilitumaini Mungu ataniambia ninyamaze. Hakuniambia.

Niliingia pale kama mfagiaji. Kilikuwa chuo cha unesi cha binafsi, jina lake litakaa kwangu. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichopangwa kama wodi kabisa, na vitanda, mapazia, dripu zinazoning'inia, na ukutani kioo cheusi. Walimu walikaa nyuma ya kile kioo, wanaona ndani, wewe huwaoni. Kwenye vitanda walilala wadoli wakubwa kama watu. Hakuna aliyenieleza kwamba wale wadoli wanasema.

Siku ya kwanza nimeinama chini ya kitanda napiga mopu, mdoli akakohoa. Nikasimama. Mdoli akasema, "Mama, usinimwagie maji." Nilitupa mopu, nikakemea kwa jina la Yesu kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka barabarani. Nyuma ya kioo nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi. Ndivyo nilivyofahamiana na Sista Nomsa. Alikuwa na maikrofoni mezani kwake, anasemea wadoli wote, bibi, mtoto, mlevi, wote walikuwa yeye.

Sista Nomsa ni mama wa Soweto aliyefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kufundisha. Mrefu, viatu vyake havitoi sauti, na akikuita "wena", yaani "wewe" kwa Kizulu, ujue umeharibu. Alinisimulia kwamba enzi zao walijifunza kuchoma sindano kwa kutumia machungwa. Ukimaliza chungwa, unachoma mkono wa mwenzako, halafu unapelekwa kwa mgonjwa. "Chungwa halilii, Mama," aliniambia. "Mgonjwa wangu wa kwanza alilia, nikamchoma mara nne. Ndiyo maana nataka hiki chumba. Wakosee hapa. Wakosee mpaka wachoke kukosea."

Naomba mlikumbuke hilo neno lake, kwa sababu mimi nililisikia kwa masikio yangu mawili na bado nikafanya nilichofanya.

Jioni nilikuwa nasoma darasa la jioni, katikati ya mji, jengo la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika nchi hii. Tulipanda gorofa sita kwa miguu, kina mama wenzangu wa Kongo, mmoja wa Burundi, wote tunasomea kuhudumia wagonjwa majumbani. Kwetu Bukavu nilitaka kuwa nesi. Vita vikaingia, nikaolewa, nikakimbia, nikazaa. Hapa makaratasi yangu ya shule hayakukubaliwa. Basi nikawa nafagia wodi ya wadoli mchana, usiku nasoma namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Sista Nomsa alikikuta kitabu changu kwenye ndoo ya mopu, akakifungua, akaniuliza maswali mawili. Nikayajibu.

"Mdoli hawezi kukunja uso," akasema. "Hawezi kukukatalia dawa. Hawezi kukuogopa. Nahitaji mtu. Unaweza kuugua?"

"Niko na watoto wanne, sista. Naugua nimesimama."

Nikaacha mopu, nikapanda kitandani.

Sasa nyie mnaotaka kazi, sikilizeni, hii sehemu ni ya bure. Vaa soksi, kile chumba kina baridi. Usile ugali wa muhogo kabla ya kuigiza mtu anayehema, utajuta. Kuhema haraka kunatia kizunguzungu, kwa hiyo usivute hewa nyingi: pandisha mabega, pitisha hewa kidogo kwa mdomo, hesabu moyoni mpaka tano, meza mate, anza tena. Jasho ni maji na gliserini kwenye kichupa cha kunyunyizia, unakificha ndani ya shuka, unajigeuza ukutani kama unaugulia, unajinyunyizia usoni. Damu tulipika wenyewe, sharubati na rangi nyekundu ya chakula, na kijiko cha kakao. Bila kakao inakuwa damu ya sinema, wanafunzi wanacheka. Matapishi ni uji wa oti na siki kidogo kwa ajili ya harufu. Hapo hawacheki.

Na ukiambiwa uigize mtu aliyezimia, usiende na usingizi. Mimi nilizimia kweli kweli siku moja, nikakoroma. Wanafunzi wakadhani ndilo somo la leo, wakanilaza ubavu, wakaniwekea oksijeni, wakaandika kwenye faili "anatoa sauti nzito kooni". Sista Nomsa akasema kwenye spika, "Vizuri sana. Mama, amka."

Tulicheka sana kwenye ile kazi. Nasema hivyo ili msifikiri nilikuwa mtu mwenye nia mbaya.

Sheria ilikuwa moja. Mgonjwa hasaidii. Unapewa karatasi yenye hadithi ya ugonjwa wako, unaumwa wapi, umekula nini, dawa gani inakukataa mwilini. Mwanafunzi akiuliza, unajibu. Asipouliza, unanyamaza, hata kama amekamata sindano ambayo ingekuua. Hakuna kinachokuua, sindano inaingia kwenye sponji iliyofungwa mkononi chini ya nguo. Baadaye wote wanakaa kwenye viti kwa duara, wanaulizana nini kilitokea, na mwanafunzi anaelewa mwenyewe. Wengine walilia kwenye ile duara. Sista Nomsa aliwaacha walie, halafu anawarudisha kitandani kesho yake.

Mimi sikuweza kuwaona wakilia.

Mnajua kwetu, watoto wakisimama mbele ya kanisa kusema mistari yao ya Biblia. Kina mama tunakaa benchi la kwanza, na mtoto akikwama, midomo ya kina mama wote inatembea. Hatutoi sauti, tunamtengenezea neno kwa midomo, anasoma usoni kwetu, anaendelea, watu wanapiga makofi. Hakuna mama wa Kongo atakayekaa pale aone mtoto anaaibika na yeye neno analo mdomoni. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyolea wangu.

Furaha alikuja mwaka wangu wa pili. Mama yake, Maman Furaha, ni mshonaji, ana cherehani mbili kwenye kichumba kidogo pale Jules Street, Malvern, na tulikuwa kikundi kimoja cha sala ya Jumatano. Mtoto amekulia hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini anakujibu Kiingereza, isipokuwa akiogopa. Akiogopa Kiswahili kinamtoka. Na aliogopa sana. Kwenye karatasi alikuwa wa kwanza darasani. Ukimpa kitanda chenye mtu hai, mikono inaanza kucheza.

Mara ya kwanza alipokuja kwangu aliangusha trei yote, akakimbilia chooni kutapika. Mara ya pili alisimama tu mpaka muda ukaisha. Chuo kilikuwa na utaratibu, ukianguka mtihani wa kitanda mara tatu, unatoka. Maman Furaha aliuza cherehani ya tatu ili yule mtoto aingie pale. Nilikuwa najua. Sote Jumatano tulikuwa tunajua.

Mara ya tatu nilikuwa mwanamke mwenye nimonia, na karatasi yangu ilisema penisilini inanikataa. Kwenye mkono wangu wa kushoto walinivalisha bangili nyekundu ya plastiki iliyoandikwa hivyo. Furaha akaja na sindano ya penisilini. Akanisalimia. Akaosha mikono. Akashika pamba. Hakuangalia bangili, hakuuliza. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, jasho la kweli, siyo gliserini. Akanitazama usoni kama wale watoto wa pale mbele wanavyotutazama.

Nikaweka kidole changu kwenye bangili. Nikakigonga mara mbili, polepole, kama mtu anayejikuna.

Macho yake yakashuka. Akasoma. Akarudisha sindano kwenye trei, akaniuliza kwa sauti nzuri kabisa, "Kuna dawa yoyote inayokukataa, Mama?" Nyuma ya kioo hawakuona kitu, mwili wangu ulikuwa umeukinga mkono. Akapita. Nje kwenye korido alinikumbatia akalia shingoni kwangu, akasema kwa Kiswahili, "Maman, umeniokoa."

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda. Nilisema Mungu amenitumia kazini kumwinua binti wa nyumba hii. Kanisa likapiga makofi, Maman Furaha akapiga vigelegele. Nilikaa chini nimejaa amani. Leo nikiikumbuka ile amani, nashindwa niuweke wapi uso wangu.

Kwa sababu sikuishia hapo. Furaha akaja tena kwangu, na tena, na nikampa kila alichokosa. Nikikohoa, osha mikono. Nikishika shingo, uliza maumivu. Nikitazama mlango, ita daktari. Hatukupanga kwa maneno. Hata wengine walianza kushika, wasichana wawili watatu wenye moyo mdogo kama yeye, wakawa wanaomba kitanda changu. Waliniita Mama wa bahati. Kila aliyepita, nilihisi ni mimi nimepita, ule unesi wangu wa Bukavu ukapata miguu yao ukatembea. Na Furaha alibadilika kweli! Mabega yalinyooka, mikono ikatulia, akaanza kuwafundisha wenzake. Walimu wakasema anajiamini.

Sista Nomsa si mjinga. Siku moja tunapika damu jikoni, yeye anakoroga, mimi namwaga kakao, akasema, "Mama, kitanda chako kinazaa watoto wenye akili. Wale wale wakienda kwa mdoli, wanaanguka."

"Mdoli anatisha, sista."

"Mdoli hawezi kumtisha mtu asiyetishwa na wewe." Akaweka kijiko chini. "Unawasaidia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sista, mimi ni mtu wa Mungu."

Akanitazama, halafu akarudi kukoroga. Biblia yangu ilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye kiti, hatua mbili kutoka pale. Nilimtumia Mungu kama kufuli la mlango.

Sasa Furaha akafika mwaka wa mwisho, akapelekwa wodini, hospitali ya kweli. Ninachosema hapa nilikisikia kwake mwenyewe baadaye. Sista wa wodi alikuwa naye, wakamwandalia mzee mmoja sindano ya penisilini, kitanda cha tatu kikaita, sista akasema, "Nisubiri," akaenda. Furaha hakusubiri. Alijiamini. Mzee alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, mikono ndani ya blanketi. Furaha akamtazama usoni. Akangoja kidogo. Mzee naye akamtazama, akatabasamu, kwa sababu msichana mzuri amemtazama. Furaha akaona kumetulia. Akafunua paja, akachoma.

Bangili nyekundu ilikuwa kwenye mkono, chini ya blanketi.

Midomo ya mzee ilivimba kabla Furaha hajaitupa ile sindano. Sista wa wodi alirudi mbio, wakampa dawa ya kumrudisha pumzi, wakampeleka kwenye wodi ya mashine. Hakufa. Naandika tena kwa sababu najua mnauliza: hakufa. Lakini alikaa kwenye mashine siku nyingi, na sikupata kujua alitoka vipi.

Maman Furaha alikuja kwangu jioni ile, bado ana futi ya kushonea shingoni.

"Maman Riziki, mtoto wangu ameharibu mtu."

"Kaa kwanza."

"Sikai! Watamufukuza. Wameniambia kuna kikao. Wanasema hilo jambo alishafundishwa, alishafaulu hilo hilo jambo, na alama nzuri, iko kwenye faili yake. Kwa hiyo si kwamba hakujua, wanasema ni uzembe. Mtoto wangu ni mzembe? Wewe unamujua!"

"Si mzembe."

"Basi tufunge. Siku tatu. Tumuombe Mungu afunue ukweli."

Nikafunga naye. Tulipiga magoti kwenye sakafu ya sebule yangu, yeye analia anasema, "Bwana, funua, funua kila kilichofichwa," na mimi pembeni yake nasema amina. Kilichofichwa kilikuwa kimepiga magoti karibu naye kiasi cha kugusana mabega. Siku ya kwanza nikasema amina. Siku ya pili nikasema amina. Nilikuwa nafikiria watoto wangu, ada zao, nafikiria kanisa na ule ushuhuda. Niwe mkweli, nilifikiria pia labda Furaha atasema mwenyewe, halafu mimi nitakubali tu, itakuwa rahisi.

Siku ya tatu nikamfuata Furaha nyumbani kwao. Alikuwa kwenye kitanda chake, amegeukia ukuta.

"Umewaambia nini kuhusu mimi?" nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Sikuanza na hali yake.

"Sikukutaja, Maman," akasema kwa Kiswahili. "Siwezi kukutaja. Ulinisaidia."

"Uliona nini kwa yule mzee?"

"Nilimwangalia. Nilingoja. Hakufanya kitu." Akageuka akanitazama. "Kila mara nikikosa, mtu ananionyesha. Nilifikiri ndivyo wagonjwa walivyo. Hapana, nilijua sivyo. Lakini mwili wangu ulikuwa unangoja."

Nilitoka pale nikashindwa kungojea taksi, nikatembea Jules Street mpaka kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, nikiwa nalia, na watu wa maduka wananiangalia.

Asubuhi nilimkuta Sista Nomsa anabadilisha betri za mdoli. Nilimwambia yote, kuanzia kidole mpaka kukohoa mpaka ule uongo wa jikoni. Hakunikatiza. Alimaliza kuweka betri, akafunga kifuniko cha tumbo, akamfunika mdoli shuka.

"Wangapi?"

"Furaha. Na wengine."

"Wangapi, Mama?"

Nikataja majina ninayoyakumbuka. Aliandika. Kwenye majina mawili kalamu yake ilisimama, kwa sababu hao walikuwa wameshamaliza, wanafanya kazi, hatukuwa tena na kitanda cha kuwarudisha.

"Eish," akasema. Halafu akakaa pembeni ya mdoli, mara ya kwanza namuona amekaa kitandani. "Nilikuuliza. Siku ile nilikuuliza wena, na nilijua, na nikakubali jibu lako kwa sababu nilikupenda." Akajifuta uso. "Nilikuwa nawatafutia muda, wakosee mikononi mwangu badala ya mikononi mwa watu. Na wewe ukawa unawanyang'anya makosa yao. Yale yalikuwa yao, Mama. Waliyahitaji."

Kikaoni nilisema tena yale yale mbele ya watu watano nisiowajua. Maman Furaha alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mlango haukufungwa vizuri. Nilipotoka alisimama. Nilidhani atanipiga. Aliuliza kitu kimoja, "Ulisema amina?"

"Nilisema."

Akakaa tena. Hatusali pamoja tangu siku ile, na simlaumu. Yeye wala binti yake hawakunitangaza kanisani. Ile stori ya mgongo niliitunga mwenyewe na wao waliniacha nayo.

Kikao kiliamua hivi. Furaha arudie mwaka, lakini kwanza apite kitandani upya, mbele yao. Akianguka, aende. Mimi kazi yangu imeisha. Nikashukuru, nikataka kuondoka, Sista Nomsa akanishika kwenye korido.

"Bado kitanda kimoja. Wewe ndiye utakayelala, Furaha aje kwako."

"Sista, siwezi. Nimefukuzwa."

"Nimeomba ruhusa. Akipita kwa mtu mwingine, hatajua kama anaweza bila kidole chako, na wewe hutajua. Mikono ndani ya blanketi."

Nilikuwa mgonjwa wa sukari. Karatasi yangu ilisema nimekataa chakula asubuhi. Sahani ya uji ilikuwa mezani pembeni yangu, imefunikwa, haijaguswa. Mwanafunzi anatakiwa aone kama mgonjwa amekula kabla ya kumchoma insulini, maana ukimchoma na tumbo tupu sukari inashuka mpaka anapotea.

Furaha akaingia. Akafunua blanketi, akatafuta bangili yangu, akaisoma kwa kidole herufi kwa herufi. Akaniuliza jina. Akaniuliza dawa zinazonikataa, akarudia tena swali hilo hilo. Akapima sukari, Sista Nomsa akamtajia namba kwenye spika, iko sawa. Akavuta insulini, akaihesabu mara mbili dhidi ya faili. Kila kitu sawa, kila kitu. Sahani hakuitazama.

Akanitazama mimi.

Wanangu, nimezaa mara nne na nimevuka mipaka mitatu kwa miguu nikiwa na mtoto mgongoni. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kutazama dari. Macho yangu yalikuwa yanataka kwenda kwenye ile sahani yenyewe. Shingo ilikuwa inauma kwa kuizuia. Nikamuomba Mungu anifanye jiwe. Furaha akangoja. Nikasikia pumzi yake. Halafu akachoma sindano kwenye sponji.

Spika ikasema, kwa saa ya maigizo, "Imepita nusu saa."

Mara ya kwanza katika miaka yote, nikamuugulia Furaha kweli. Nilijigeuza nikajinyunyizia jasho, nikaanza kutetemeka meno, nikamwita kwa jina la mtu mwingine, nikasukuma mkono wake. Aliniita, "Mama? Mama?" Halafu sauti ikapanda, "Maman Riziki, tafadhali!" Hakuwa anamwita mgonjwa hapo, alikuwa ananiita mimi. Nikaacha kichwa kianguke upande.

Mkono wake ukaniachia. Nilidhani amekimbia. Ningefungua macho ningekuwa nimemsaidia, kwa hiyo sikufungua. Kisha nikasikia kengele ya kuita msaada, mara mbili. Nikasikia kifuniko cha sahani kikiinuliwa, na sauti yake, ndogo, inajisemea, "Hakula. Sikuangalia. Hakula." Akanichoma kidole kupima, akauliza namba kwa sauti iliyosimama. Akanilaza ubavu, akanifungulia dripu ya sukari tone kwa tone, anahesabu, anaangalia kifua changu, anamwambia nesi aliyeingia, bila kuficha, "Nilimpa insulini bila kuhakikisha amekula. Ni kosa langu. Nilifanya hivi na hivi." Wakati wote huo hakunitazama usoni tena. Alitazama kifua, ngozi, mkono na sahani.

Waliandika amepita, kwa sababu kosa lake aliliona na kulirekebisha mwenyewe. Kwenye ile duara ya viti Furaha alilia, na hakuna aliyemnyamazisha, nami nilikuwa nimekaa mikono chini ya mapaja.

Sasa hivi ni nesi. Kanisani tunasalimiana, "Bonjour, Maman," "Bonjour, mtoto wangu," basi.

Nyie wasichana wa kwaya, kazi nendeni mkaombe, ni kazi nzuri, na soksi msisahau. Lakini kuna wawili ninaowaandikia zaidi yenu, wale ambao kalamu ya Sista Nomsa ilisimama kwenye majina yao. Sista aliwatumia ujumbe, hawakujibu. Mmoja alikuwa na kovu kwenye nyusi, mwingine alipenda kuimba akiosha mikono. Haya yakiwafikia, wanangu, mjue kile kitanda hamkukipita ninyi. Nilikipita mimi. Rudini mahali popote penye mdoli, hata kama mna cheo, mwombeni mwalimu awape muda, mkakosee. Na kesho asubuhi wodini, kabla ya sindano, funueni blanketi.